Majina ya lugha za programu ni utani mtupu

Kuna swali ambalo vijana wanaoanza kujifunza programu hawaachi kuuliza, na mi nalipenda kuliko mengi ya maana: hivi kwa nini Python inaitwa Python, nyoka kaingilia wapi? Na Java je? Na Ruby? Na hii C yenye alama ya reli pembeni ndo nini? Wengi wanajibiwa kwamba jina ni jina tu bana, shika kibodi uandike kodi (siyo ile ya TRA). Mi sikubali. Haya majina ukiyachimba unakuta mengi ni utani, tena siyo utani wa mtu kukaa peke yake akacheka, ni kujibishana. Mmoja anatoa lugha anaipa jina, mwenzie anakuja baadae na ya kwake jina lake linamjibu yule wa kwanza, kama wanawake wa uswahilini wanavyojibizana kwa maandishi ya kanga, huyu kapita asubuhi na fumbo lake mgongoni, jioni yule katoka na jibu, na wewe usiyejua ugomvi ulianzia wapi unaona nguo nzuri tu.

Twende kwanza kwenye ukoo wa C manake huo ndo wenye kizazi kirefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kule Uingereza kulikuwa na lugha inaitwa CPL. Ile C mwanzo ilikuwa ya Cambridge, chuo ulikozaliwa mradi, halafu watu wa London wakaingia ikabidi C isomeke "ya pamoja" ili mgeni asijisikie mgeni, wengine wakasema CPL ni Cambridge Pamoja na London, na watani wakasema hamna, hiyo C ni ya Christopher, kwa sababu Christopher Strachey ndo alikuwa kinara wa mradi wenyewe. Yaani lugha haijaanza hata kufanya kazi tayari herufi moja ina maana tatu. CPL ikawa kubwa mno, kompaila yake (ile programu inayotafsiri kodi iende kwenye lugha ya mashine) ikasumbua, na mwaka 1967 Martin Richards akaichuja akabakisha vya lazima akaiita BCPL, hiyo B ni ya "msingi". Ken Thompson wa maabara ya Bell Labs kule Marekani naye akaichuja tena, safari hii kwa sababu ya shida, kompyuta aliyokuwa nayo memori yake ilikuwa ndogo sana, akakata akakata mpaka lugha ikaenea kwenye kilobaiti 8, na jina nalo likakatwa, ikabaki B. Lugha inakonda na jina linakonda.

Dennis Ritchie, mwenzie wa hapo hapo Bell Labs, akaichukua B akainenepesha tena, akaiwekea aina za data, na kufikia 1972 ilishakuwa kitu kingine kabisa akaiita C. Sasa hapo ndo penye utamu. C inafuata B kwenye alfabeti, sawa. Lakini C pia ndo herufi inayofuata B kwenye neno lenyewe BCPL. Ritchie akaacha hivyo hivyo, hakusema ni ipi, na watu wakapata cha kubishania: je lugha itakayofuata itaitwa D, kwa kufuata alfabeti, au itaitwa P?

Jibu likatoka pembeni kabisa. Bjarne Stroustrup, mtu wa Denmark aliyekuwa naye pale pale Bell Labs, alianza mwaka 1979 kuiongezea C vitu vyake akaiita tu "C yenye Madaraja", jina la kiofisi, halina chumvi. Mwaka 1983 mwenzake Rick Mascitti akapendekeza C++. Kwa asiyejua, ndani ya C ukiandika x++ unamwambia x ajiongeze moja. Kwa hiyo C++ ni C iliyojiongeza, na jina lenyewe limeandikwa kwa sarufi ya C, ukijua C unalisoma, usipoijua unaona misalaba miwili. Mi kwenye majina yote haya hili ndo naliweka juu.

Ila watu wa C ni wabishi, wakarudi na kijembe. Tuseme x ni 5, ukaandika y = x++. Baada ya hapo x ni 6, lakini y anapewa 5, ile thamani ya zamani kabla ya kuongezwa. Ukitaka y apate 6 unaweka alama mbele, ++x. Kwa hiyo, wakasema, C++ maana yake ni kwamba tunaiboresha C halafu tunakukabidhi wewe ile ile ya zamani, kama mlikuwa na nia nzuri mngeiita ++C! Stroustrup mwenyewe utani huu anaujua na kauandika kwenye kitabu chake, hakununa. Baadae kuna jamaa anaitwa Walter Bright, kampuni yake ilikuwa inaitwa Digital Mars, akatoa lugha mwaka 2001 akataka kuiita Mars, rafiki zake kila siku wanaiita D kwa sababu waliiona kama jibu kwa C++, mwisho akasalimu amri ikawa D. Alfabeti ikashinda, P bado inasubiri.

Halafu Microsoft mwaka 2000 wakaja na C#. Hii hatusomi "C reli" jamani, ni alama ya muziki ile inayopandisha noti nusu hatua juu, kwa hiyo C# ni C iliyopandishwa kidogo, na papo hapo ukiangalia vizuri hiyo alama unaona kama misalaba minne ya kujumlisha imepangwa mbili juu mbili chini, yaani ++ imeongezewa ++ nyingine. Umeona kanga hiyo? Alama halisi ya muziki haimo kwenye kibodi zetu ndo maana tunaandika ile ya reli ambayo hata siyo yenyewe.

Aliyeongoza kuitengeneza C# ni Anders Hejlsberg, huyu naye wa Denmark, sijui wanakula nini kule. Kabla ya hapo alikuwa kampuni ya Borland akiongoza lugha nyingine inaitwa Delphi, ilitoka 1995, na jina lake ni moja ya mafumbo matamu kabisa. Databesi iliyokuwa inatamba kwenye makampuni makubwa ilikuwa Oracle, na oracle kwa Wayunani wa kale ni ile sauti ya mungu inayotabiri. Sasa huyo mtabiri maarufu alikuwa anakaa wapi? Alikuwa kwenye hekalu la Apolo katika mji wa Delphi. Kwa hiyo ukitaka kuongea na Oracle, nenda Delphi. Lugha yenyewe ilitengenezwa ili iongee vizuri na databesi. Mtu aliyekuja na jina hilo mshahara wake ulikuwa halali siku hiyo.

Delphi mizizi yake ni Pascal, ya Niklaus Wirth wa Uswisi, ya mwaka 1970, imepewa jina la Blaise Pascal, Mfaransa aliyetengeneza mashine ya kujumlisha karne ya 17. Hilo ni jina la heshima, halina utani, ila utani ulimfuata Wirth mwenyewe. Inasimuliwa kwamba Wazungu wa Ulaya walikuwa wanamwita kwa jina lake vizuri tu, Wamarekani wanalivunja linasikika kama "thamani ya senti tano". Na kwenye lugha za programu kuna njia mbili maarufu za kupeleka kitu kwenye fomula, kukiita kwa jina au kukiita kwa thamani. Basi ikawa Ulaya anaitwa kwa jina, Marekani anaitwa kwa thamani. Ukiwauliza watu wasiojua programu wamecheka nini hapo hawakuelewi.

Jina jingine la heshima ni Ada, lugha ya wizara ya ulinzi ya Marekani, kwa ajili ya Ada Lovelace, yule mama wa Kiingereza aliyeandika kuhusu mashine ya kuhesabu ya Charles Babbage. Wanajeshi hawana utani, lakini hata wao walijificha kidogo. Namba ya waraka wao rasmi wa lugha hiyo ni MIL-STD-1815, na 1815 ndo mwaka aliozaliwa Ada.

Nikiwa kwa wazee hapa sitaivuka Fortran, ya IBM, 1957, timu ya John Backus. Jina lake ni vipande tu vya maneno "tafsiri ya fomula", la kihandisi, limepita. Utani wake uko ndani. Fortran usipoiambia aina ya namba inaangalia herufi ya kwanza ya jina ulilotumia: likianza na herufi yoyote kuanzia I mpaka N inaihesabu kuwa namba kamili, ile isiyo na desimali, na herufi nyingine zote inahesabu kuwa namba halisi, yenye desimali. Wazungu wakatunga kwamba Mungu ni halisi isipokuwa ukimtangaza kuwa kamili, kwa sababu jina lake kwa Kiingereza linaanza na G. Sasa jaribu kwa Kiswahili. MUNGU inaanza na M, ipo kati ya I na N, kwa hiyo Fortran bila kuambiwa na mtu inajua Mungu ni kamili! Shetani anaanzia na S, anabaki na videsimali vyake. Mi nadhani ya kwetu imekaa vizuri kuliko ya kwao na haihitaji hata ile sehemu ya "isipokuwa".

Haya sasa kahawa. Java iliitwa Oak, mwaloni, kwa sababu ya mti uliokuwa nje ya ofisi ya James Gosling pale Sun Microsystems. Wanasheria wakaangalia wakakuta kuna kampuni nyingine ishalisajili hilo jina, ndo wakakaa kikao wakatoka na Java, kahawa ya kisiwa cha Java, ikatangazwa 1995. Kwa hiyo Java yenyewe haikumjibu mtu, ilitoka kwa wanasheria, ila baada ya hapo utani ukafumuka. Vipande vya programu wakaviita Maharage, kwa maana ya buni. Faili la kufungia programu likaitwa JAR, ambalo ni kifupisho cha kumbukumbu za Java lakini pia ni mtungi wa kuhifadhia. Na kuna kimoja kimejificha ambacho watu wanatumia Java miaka kumi hawajawahi kukiona. Chukua programu yoyote ya Java uliyoikompaili, hata ile ya kusema habari dunia, kwenye terminali andika xxd kisha jina la lile faili la .class, angalia mstari wa kwanza. Baiti nne za mwanzo zitakuwa cafe babe. Kila faili, kila kompyuta, tangu zamani, na mashine ya Java, yaani programu inayoendesha kodi ya Java, isipoziona hizo nne inakataa kulisoma faili. Baiti zikiandikwa kwa mtindo wa heksa zinatumia tarakimu na herufi A mpaka F tu, kwa hiyo maneno unayoweza kuyatunga ni machache, na Gosling kasimulia kwamba walikuwa wakienda kula mgahawa mmoja ambao inasemekana bendi ya Grateful Dead ilipigia enzi zake za mwanzo, wakawa wanauita Cafe Dead, siku moja akashtuka kumbe CAFEDEAD ni namba halali ya heksa. Akaitumia kwenye aina moja ya faili, akatafuta nyingine inayoanza na CAFE kwa ajili ya aina ya pili, akapata BABE. CAFEDEAD ikaja kutupwa, mrembo wa mgahawa akabaki.

Kisha wakaja wa kujibu. JetBrains, kampuni ya watu wa Urusi, mwaka 2011 wakatangaza lugha yao ya kukaa juu ya mashine ya Java, na wakasema kama Java ni kisiwa basi na sisi tuna kisiwa, wakaiita Kotlin, kisiwa kilichoko karibu na Saint Petersburg. Kotlin hakilimwi kahawa kule, baridi lake! Mwaka huo huo Red Hat wakaja na Ceylon, jina la zamani la Sri Lanka, kisiwa pia, ila hiki kinajulikana kwa chai. Kijembe safi, nyie na kahawa yenu sisi tunakunywa chai. Bahati mbaya chai yenyewe haikupata wateja, wakati Kotlin leo ndo lugha Google wanayoitanguliza kwa programu za Android.

Na kuna Jakarta. Oracle (wale wa utabiri) walimiliki Java baada ya kuinunua Sun, baadae wakaamua sehemu moja ya Java ile ya makampuni makubwa waipe taasisi ya Eclipse, lakini jina Java hatuwapi, hilo ni mali yetu. Sawa. Mwaka 2018 watu wa Eclipse wakachagua jina jipya: Jakarta. Mji mkuu wa Indonesia, uko wapi? Uko kwenye kisiwa cha Java. Umekataza nisiseme jina la kisiwa basi natamka mji wake. Gharama yake ni kwamba developa wengi ilibidi wapitie mafaili yao kubadilisha neno javax kuwa jakarta, mstari mmoja mmoja, na hapo utani ukaisha kidogo.

JavaScript naipitia haraka manake hiyo siyo utani, ni biashara. Brendan Eich aliiandika kwenye kampuni ya Netscape kwa siku 10 mwezi Mei 1995, ikaitwa Mocha (kahawa tena), ikaitwa LiveScript, Desemba ikapewa jina la Java kwa kuwa Java ndo ilikuwa inasikika mjini, na mpaka leo vijana wanadhani ni ndugu. Jina lake rasmi la viwango ni ECMAScript, ambalo Eich mwenyewe kasema linasikika kama ugonjwa wa ngozi. Sina la kuongeza.

Kwenye vito mambo ni ya kistaarabu zaidi. Larry Wall mwaka 1987 alitaka kuiita lugha yake lulu kwa Kiingereza, akakuta kuna lugha nyingine ina jina hilo, akang'oa herufi moja ikawa Perl. Maana za herufi wakazitunga baada ya jina, moja ya kuwaonyesha mabosi, kuhusu kuchambua data na kutoa ripoti kwa vitendo, na nyingine ya nyumbani ambayo kwa Kiswahili nadhani ingekuwa "Mworodheshaji Takataka Mwenye Ugonjwa wa Kuokotaokota", na zote mbili Wall anazikubali. Mjapani Yukihiro Matsumoto aliijua Perl lakini hakuipenda sana, akaona angeweza kutengeneza nzuri zaidi, na tarehe 24 Februari 1993 akiwa anachati na rafiki yake kabla hajaandika hata mstari wa kodi wakatafuta jina la kito, yakabaki mawili, marijani au yakuti nyekundu. Lulu, marijani, yakuti, utadhani watu wanatunga shairi la mapenzi Lamu. Akachagua yakuti, Ruby, kwa kuwa ilikuwa kito cha kuzaliwa cha mwenzake mmoja wa kazini. Baadae wakagundua kwamba kwenye orodha ya Wazungu ya vito vya miezi lulu ni ya Juni na yakuti ni ya Julai. Anayefuata Perl ni Ruby. Haikupangwa lakini ukiipata bure unaichukua.

Python sasa, ile niliyoanza nayo. Guido van Rossum, Mholanzi, sikukuu ya Krismasi ya 1989 alikuwa Amsterdam anatafuta kitu cha kumshughulisha, akaanza kuandika lugha, na kipindi hicho alikuwa anasoma maandishi ya Monty Python's Flying Circus, wale wachekeshaji wa Kiingereza wa televisheni. Nyoka hayumo kabisa. Nyoka ameletwa na wachora vitabu na wachora nembo, na sasa hivi hakuna wa kumtoa. Mafunzo rasmi ya Python mpaka leo yanasema kutumia vichekesho vya hao jamaa kwenye maelezo hakuruhusiwi tu, kunahimizwa, ndo maana kwenye mifano yao hukuti x na y unakuta spam na mayai, nyama ya kopo na mayai. Programu ya kuandikia inayokuja nayo inaitwa IDLE, na mchekeshaji mmoja kati yao anaitwa Eric Idle. Ghala la kupakua vifurushi liliwahi kuitwa Duka la Jibini, kichekesho chao cha duka la jibini lisilokuwa na jibini hata moja, na ndo maana kifurushi chenyewe leo kinaitwa gurudumu, manake jibini kubwa la mviringo Waingereza wanaliita gurudumu. Mtu anaandika pip install, ile amri ya kupakua vifurushi, kila siku, kumbe anaagiza jibini.

Sasa nyumbu, huyu wa kwetu wa Serengeti. Mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza kwamba anaandika mfumo mzima wa kompyuta wa bure kuchukua nafasi ya Unix, mfumo wa wale wale wa Bell Labs, akauita GNU, ambalo kwa Kiingereza ndo nyumbu, na herufi zenyewe zinasimama badala ya "GNU Siyo Unix". Na GNU ni nini? GNU Siyo Unix. Na hiyo GNU? Unazunguka mpaka kesho. Watu wa programu wanapenda sana hivi vitu vinavyojiita vyenyewe. (Huku kwetu kumwita mtu nyumbu ni tusi, ila Stallman kaweka picha ya nyumbu kwenye nembo na anajivunia.) Unix yenyewe ilikuwa kijembe kwa Multics, mradi mkubwa uliojaa kila kitu, yaani ile ina vingi sisi tuna kimoja. Kuna watu wakatoa programu ya kuandikia inaitwa EINE, "EINE Siyo Emacs" (Emacs ni programu nyingine ya kuandikia), na eine kwa Kijerumani ni moja. Toleo lililofuata likaitwa ZWEI, mbili, kirefu chake "ZWEI Ilikuwa EINE Mwanzoni". Nani aliwalipa hawa?

PHP na yenyewe iko humo, Rasmus Lerdorf aliianza kama vifaa vya ukurasa wake binafsi wa nyumbani, P na H na P, ilipokua ukubwani wakaona aibu wakabadilisha maana ikawa inajitaja ndani yake yenyewe, P ya kwanza ni PHP.

Na shell ya Bash, hii nawapa walokole. Shell iliyokuwa inatumika kwenye Unix ilitengenezwa na Stephen Bourne. Mwaka 1989 Brian Fox akaiandikia GNU ya bure akaiita "Bourne Tena", ambayo kwa Kiingereza inasikika sawasawa na kuzaliwa mara ya pili. Yaani hiyo kitu unayoandikia amri kila siku kwenye seva ni Bourne aliyeokoka.

Kuna ukoo mmoja watu hawausemi sana, wa Lisp, lugha nyingine ya zamani. Pale chuo cha MIT kulikuwa na lugha inaitwa Planner, mpangaji wa mipango. Akaja wa kumjibu, akaitwa Conniver, mla njama. Mwaka 1975 Gerald Sussman na Guy Steele wakaja na ya tatu, wakaiita Schemer, mtu wa hila. Unaona ngazi inavyoshuka, kutoka mpango mpaka njama mpaka hila. Ila kompyuta yao jina la faili halikuruhusiwa kuzidi herufi sita, SCHEMER ina saba, herufi ya mwisho ikakatwa, lugha ikaitwa Scheme na ndo hivyo imekwenda duniani. Waliokuja baadae wakashika mwendo ule ule: kuna Racket, ambayo ni biashara ya kitapeli, kuna Larceny, ambayo ni wizi kabisa wa kwenda jela. Ukimwambia mzazi mtoto wako anasoma hizo chuoni anaweza kuja na mwanasheria.

INTERCAL nayo nisiiache. Wanafunzi wawili wa Princeton, Don Woods na James Lyon, mwaka 1972, walitaka lugha isiyofanana na nyingine yoyote wakatoa ya kwao wakasema jina lake kamili ni "Lugha ya Kompaila Isiyo na Kifupisho Kinachotamkika", na kifupisho chake, kwa mujibu wao, ni INTERCAL, kwa sababu zilizo wazi. Hakuna herufi zinazoendana. Ndani yake amri zinaweza kutanguliwa na neno tafadhali. Usipoliweka vya kutosha kompaila inakataa programu yako kwa kukosa adabu. Ukiliweka mno inakataa pia, inaona unajipendekeza. Kiwango kinachopita ni kama theluthi mpaka moja ya tano ya amri zako, na kwenye mwongozo wa mwanzo hawakuandika popote, utajua mwenyewe. Hii mi naona ingepaswa kuandikwa na mtu wa Pwani. Ungeanza na shikamoo, usubiri marahaba, ndo ujumlishe.

Zote hizo nilizotaja, kasoro chache, utani wake ni wa Kiingereza, hata Mjapani kachagua neno la Kiingereza. Ndo maana Lua naipenda. Brazili kuanzia miaka ya 1970 mpaka mwanzoni mwa 1990 walibana sana uingizaji wa kompyuta na programu za nje, kwa hiyo watu wa chuo kikuu cha PUC pale Rio de Janeiro ikabidi wajitengenezee vya kwao. Walikuwa na kalugha kao kanaitwa SOL, kifupisho cha Kiingereza lakini kwa Kireno sol ni jua. Mwaka 1993 wakatengeneza nyingine nzuri zaidi, rafiki yao mmoja akasema kama ile ilikuwa jua hii iiteni mwezi. Lua. Siyo kifupisho, na wenyewe wanaomba msiandike kwa herufi kubwa zote manake ni neno la kawaida la Kireno lenye maana yake. Ikaenda mpaka kwenye magemu ya dunia nzima, na Roblox wanaotumiwa na watoto wetu hapa wakatengeneza tawi lao wakaliita Luau, karamu ya Hawaii yenye Lua ndani. Jua, mwezi, karamu.

Na sisi tunayo Nuru, lugha ya programu ya Kiswahili, imeandikwa kwa kutumia lugha nyingine inaitwa Go, unaandika andika("Habari") na inaandika habari, masharti yake ni kama na sivyo, na kitu kisicho na thamani kinaitwa tupu. Jina zuri, la heshima, halina utani wowote, na hiyo ni sawa kwa mtoto wa kwanza. Utani ni kazi ya wa pili. Kwa hiyo nangojea kijana mmoja asiyeridhika aichukue Nuru aipunguze, aitengeneze toleo dogo la kuendesha kwenye vile vibodi vya umeme vya bei rahisi, na tafadhali, kwa kiwango cha INTERCAL, asije akaiita Nuru Ndogo au Nuru Plasi. Aiite Koroboi. Programu ya kupakua vifurushi aiite Mafuta, amri ya kuwasha iwe kiberiti, na ikikwama isilete maelezo ya kurasa mbili, iandike tu "upepo umezima" na namba ya mstari.